Jinsi Mchumba Wangu Alivyofanywa Mwarabu wa Sinema

Mapenzi ya sinema niliyaona kwa mara ya kwanza Musonoi, kambi ya wachimbaji wa shaba karibu na Kolwezi, na sikuchelewa kujua kwamba hayakuwa yetu. Jumamosi, jua likishazama nyuma ya vilima vya udongo uliotolewa shimoni, shuka kubwa jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa fuaye, nyumba ile ambamo wasichana wa kambi tulifundishwa kushona na kupiga pasi. Familia za wachimbaji zilikuja na vigoda vyao. Mzungu aliyepanda farasi alimpenda Mzungu mwenye gauni refu, wakagombana kidogo, wakapatana. Wengine wote wenye ngozi ya namna nyingine tulikuwemo ili tuwape chai, tuwashikie farasi, au tufe.

Mchina wa sinema alikuwa mpishi. Alisuka nywele zake mkia mmoja mgongoni, akakimbia kwa hatua fupifupi na sinia mkononi, na sikuona hata siku moja mwanamke akimtazama zaidi ya muda wa kupokea kikombe. Mhindi Mwekundu alimtamani binti wa Mzungu, akapigwa risasi. Mweusi alikodoa macho, akaogopa mzimu, akachekwa. Mwarabu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kupenda, lakini ilimbidi apende kwa kuiba: alimtupa msichana juu ya ngamia, akakimbia naye jangwani, akachomwa upanga kabla hajashuka. Niliwahi kumwuliza baba kama Wachina huko kwao wanazaa watoto. Alinikaripia mbele za watu. Lakini lilikuwa swali la haki kabisa, maana kama hakuna mwanamke anayewataka, wametoka wapi wengi vile?

Hata huyo Mzungu wa farasi hatukuruhusiwa kumwona akifika mwisho. Akiinama tu kumbusu bibi yake, padri aliyeendesha mashine alitia kiganja mbele ya kioo, shuka likawa jeusi, nasi tukapiga miluzi. Waliamini tukiona busu tutashindwa kwenda kazini Jumatatu. Watu waliokuwa na watoto saba na wanane nyumbani walifichwa busu na mtu asiye na mke.

Maneno ya sinema yalikuwa ya kizungu, kwa hiyo mtu mmoja alisimama kando ya shuka na kipaza sauti, akatueleza kwa Kiswahili nani anasema nini. Mtu huyo alikuwa baba yangu. Alikuwa karani, Mluba wa Kasai, aliyeletwa na gari moshi akiwa kijana, na sauti yake ilikuwa nzito na ya kutulia. Alichosema baba ndicho kilichotokea. Akisema huyu ni mwema, kambi ilimpenda. Akisema huyu ni mwizi, kambi ilimzomea hata kama alikuwa ameketi tu anakunywa maji. Nayaeleza haya ili ijulikane silaha aliyokuwa nayo mkononi siku aliyoamua kummaliza mchumba wangu.

Mchumba wangu alikuwa dereva wa lori la mjomba wake. Walikuwa Waislamu, watu wa Kasongo, wakichukua samaki wakavu, chumvi na vitambaa kutoka Kolwezi hadi Dilolo, kule reli inakovuka kuingia Angola. Nilimwona alipoleta mafurushi ya vitambaa fuaye. Alinipenda bila kelele, nami nilimpenda kwa kelele zote nilizokuwa nazo. Babu yake mzaa baba, ilisemekana, alikuwa Mbaluchi aliyekuja na misafara ya zamani, akaoa Kasongo, akafia hapo. Kutoka kwa mzee huyo hakurithi shamba wala ngamia. Alirithi pua iliyonyooka, na pua hiyo ndiyo iliyomponza. Kambini walimwita Mwarabu. Arabuni alikujua kama mimi nilivyoijua Roma.

Mjomba wake alikuja kwetu kwa adabu zote, akasema lililomleta. Baba hakumjibu. Alipoondoka, baba alifoka.

"Mi sitatia mutoto yangu mu mikono ya Mwarabu. Bale ni batu ya safari. Leo Dilolo, kesho haujue. Na hata kanisa habaingie."

"Mi sijamuona," mama alisema polepole. "Namna gani niseme?"

Na sasa hangeweza kumwona, hilo ni la kueleza. Kwetu Waluba, kijana na mama wa msichana anayemposa hawatazamani usoni. Hawashikani mkono, hawali sahani moja. Wakikutana njiani, kijana hutoka njiani, akageuza uso, akangoja mama apite. Wageni huona ni chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, maana mama yule ndiye aliyemzaa mkeo, na huwezi kumzoea kama unavyomzoea muuza karanga. Tangu mjomba alipoingia kwetu na ujumbe wake, mama alikuwa mkwe tayari, jibu litoke lisitoke. Mtu pekee nyumbani ambaye angeweza kunitetea alikuwa amefungwa macho na adabu.

Wakati huohuo padri wa mashine akapata wazo. Aliona sinema za Wazungu zinatuharibu, hata zikifunikwa kiganja, basi akaamua kututengenezea yetu, yenye mapenzi yetu na mafunzo yake. Msichana wa kambi anaposwa na wanaume wawili. Mmoja ni mwalimu mwenye tai na baiskeli. Wa pili ni mtu wa kanzu, anakuja na vitambaa na maneno matamu, anataka kumchukua ampeleke mbali. Msichana anakaribia kudanganyika, kisha anapata akili. Mimi nikachaguliwa kuwa msichana kwa sababu nilijua kusimama wima, na mama akachaguliwa kuwa mama yangu, kazi aliyokwisha kuizoea. Mwalimu akawa mwalimu wa kweli wa shule ya kambi. Hakuwa mtu mbaya. Alinuka sabuni na utii, na baba alimtaka sana awe mkwe.

Akabaki wa kanzu. Na baba yangu, mbele yangu, akamwambia padri, "Mon père, iko Mwarabu moja, shofere wa kamyo. Sura yake iko tayari."

Nyumbani alinigeukia. "Batu bamuone kwanza. Sinema ikiisha kupita, njo nitajibu mujomba wake. Nikisema mi peke yangu utasema nakuchukia. Kambi yote itasema."

Nilimchukia baba jioni ile, na sitasema vinginevyo kwa sababu amekwisha kufa. Nilimkimbilia mchumba wangu, nikamwambia akatae, kwani huo ulikuwa mtego na aliyeutega alikuwa na kipaza sauti. Alikuwa anafunga kamba za mzigo. Hakuacha kufunga.

"Nikikatala, tata yako atasema niko na kintu ya kuficha," alisema. "Acha banione. Mu sinema ao ku barabara, sura ni hii moja tu. Mi niko na yengine?"

Basi tukaingia kwenye kazi ya padri, siku za mchana mweupe, vumbi la shimoni likitua juu ya kila kitu, hata juu ya tai ya mwalimu. Baba alikuwa ofisini saa zote hizo, hakuona lolote. Niliona mimi, na bado nikikumbuka nacheka kwa hasira.

Kwanza, mapenzi yangu na mwalimu. Nilidhani angalau atanishika mkono. Padri alisema hapana. Mwalimu ataonyesha kuwa ananipenda kwa kunionyesha cherehani. Nikae, yeye asimame, wote tutazame cherehani. Katika sinema nyingine, ya mapadri wenzake, alikuwa amekwisha kutuonyesha mume na mke Weusi wakipendana kwa kuchemsha maji ya kunywa. Wazungu wakipendana hubusiana. Sisi tukipendana, kwa elimu ya padri, tulikagua vyombo vya nyumbani.

Kisha wa kanzu. Kanzu yenyewe haikuwa yake. Yeye alivaa suruali na shati kama dereva yeyote. Padri alileta joho la ibada, pana kupita kiasi, akamfunga na kilemba kilichotokana na pazia. Alimweka karibu na mashine mpaka uso wake ukajaa kioo kizima.

"Cheka," padri alimwambia. "Cheka sawa shetani."

Hakujua shetani hucheka vipi. Akacheka kama alivyocheka siku zote, meno yote nje, na padri akaridhika, maana kwa padri yule pua ile ilikuwa inatosha, kicheko kingekuwa cha namna yoyote.

Halafu ikaja njia ya kisimani. Mama apite na beseni la maji kichwani, mtu wa kanzu amkabili, amkazie macho, amtie kitambaa begani na kumpapasa mkono, ili tuone jinsi laghai anavyomlainisha mama ili ampate binti. Padri akapiga kofi kuanzisha. Mchumba wangu akaja na kitambaa chake. Alipobakisha hatua chache akatoka njiani, akaingia kwenye majani, akaweka kitambaa juu ya jiwe, akageuza uso, akainamisha kichwa, akangoja. Na mama, ambaye hakuna aliyemwambia, akashusha macho, akapunguza mwendo, akapita kwa utulivu wote wa mama mkwe. Kwa watu wa Kasongo adabu hiyo ipo pia, lakini baba hakuwahi kujisumbua kuuliza. Nilitaka kulia, nikajitia kukohoa.

Padri alikasirika, akamrudisha. Akafanya vilevile. Akamrudisha tena, akamfokea, na yule mtoto wa watu akatoka njiani tena na joho lake la kuazima, akageuza uso. Safari hii padri aliangalia vizuri, akaanza kutabasamu.

"Muzuri! Muzuri sana!" alipiga kelele. "Anaogopa macho ya mama! Sawa mwizi kabisa!"

Akaiacha ikae hivyo. Aliishi nasi miaka mingi, akatuzika, akatubatiza, akajua dhambi zetu moja moja kupitia tundu za kiti cha maungamo, na hakujua mtu anapomheshimu mama mkwe hufanyaje. Mwalimu, kwa upande wake, aliambiwa amkumbatie mama na kula naye sahani moja kama wakwe wa Ulaya, naye akatii. Mama alikauka kama ubao. Padri alisema ameguswa moyo. Nyumbani mama alijisugua mikono na mabega kwa muda mrefu, akanisihi nisimwambie baba, maana baba angesema tunamsingizia mwalimu wake.

Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa. Nikangoja msimu mzima wa mvua, na huo ulikuwa ungojaji mbaya, kwa sababu kila aliyeniona kisimani aliniuliza kama ni kweli mtu wa kanzu alitaka kuniiba. Baba alipewa maneno kwa Kifaransa, akayatia katika Kiswahili, akayasoma mbele ya kioo cha kunyolea. Kutoka chumbani nilimsikia akijaribu sauti: "Muogope mutu huyu." Halafu nzito zaidi: "Muogope mutu huyu." Picha zenyewe hakuziona, sanduku lilifika Jumamosi ileile ya kuonyeshwa.

Kambi yote ilikuja. Mwalimu alipewa kiti mbele. Mchumba wangu na mjomba wake walisimama nyuma kabisa, wameegemea lori. Mimi na mama tulikaa kati ya wanawake.

Ilianza vizuri kwa baba. Uso wa mchumba wangu ulijaa shuka zima akicheka, baba akasema muogope mutu huyu, na watoto wakazomea kwa furaha. Wanaume waligeuka nyuma kumtazama pale kwenye lori. Nilisikia mmoja akisema kweli, ana macho ya wizi. Mama alikuwa amekaza macho kwenye shuka.

Kisha mwalimu akaingia nyumbani kwetu na tai yake. Baba akasoma, "Muangalie kijana wa heshima, namna gani anapenda bazazi, tata na mama." Na kijana wa heshima akamkumbatia mama yangu.

Sijui niseme ilikuwa sauti gani. Kambi nzima ilishtuka kwa pamoja, kisha wanawake wakapiga ukelele kama watu walioona nyoka. "Anashika mukwe wake!" "Haya iko wapi?" Mwalimu akaketi kula sahani moja na mama, na mzee mmoja akanyanyua kigoda chake akaondoka, akisema hawezi kuketi mahali watu wanapovuliwa nguo. Mwalimu wa kweli, pale mbele, alijaribu kuzama ndani ya kiti chake. Baba aliacha kusoma. Alimtafuta mama kwa macho kati ya watu, na mama alikuwa ameinama.

Filamu haingoji mtu. Njia ya kisimani ikafika. Mtu wa kanzu akaja, akamwona mama, akatoka njiani. Akaweka kitambaa juu ya jiwe. Akageuza uso. Mama akapita.

Kelele zote zilikwisha. Nilijua maneno yaliyokuwa kwenye karatasi, maana niliyasikia yakifanyiwa mazoezi: muone anavyojificha, sababu roho yake iko muchafu. Baba alifungua kinywa. Akasoma, "Muone anavyo..."

"Tata!" Mwanamke mmoja alisimama, jirani yetu, mzaliwa wa Kasai kama sisi. "Tata, usiseme bongo, usidanganye batu. Siye tuko na macho."

Watu wakaitikia. Baba akashusha kipaza sauti, akatazama karatasi yake. Mtu mwenye kiburi akishikwa mbele za watu ana njia mbili tu, kuongeza uongo au kusema kweli, na kwa muda nilidhani atachagua ile ya kwanza. Kisha akakunja karatasi.

"Huyu," alisema, na sauti yake haikuwa ya kipaza sauti tena, ilikuwa ya nyumbani. "Huyu mutoto eko na mama mwenye alimufundisha."

Watu walipiga makofi, wengine wakageuka nyuma kwenye lori, safari hii kwa namna nyingine. Padri alifurahi. Alidhani somo limeingia. Na alipofurahi akasahau ni sinema ya nani, kwa maana mwishoni, mimi na mwalimu tulipoinama kutazama cherehani na vichwa vyetu vikakaribiana, kiganja chake kikaruka mbele ya kioo kwa mazoea. Shuka likawa jeusi. Akaficha sinema yake mwenyewe. Sijawahi kusikia watu wakicheka vile tena maishani mwangu.

Kesho yake baba alimwita mjomba. Hakuomba radhi, hakuwa na kinywa cha namna hiyo. Alisema tu, "Niliita batu bamuangalie. Bamemuangalia." Akapokea ujumbe, akanipa ruhusa. Kanisa lilinisusa, nikabaki na rozari yangu na mume wangu na mkeka wake wa sala, na nyumba haikuanguka.

Msidhani sinema ilikoma. Padri aliizungusha, na huko ilikokwenda na kipaza sauti cha mtu mwingine, mume wangu alibaki laghai. Mlinzi wa lango la kambi kule Kisenge alimzuia na lori lake, kwa kuwa alikwisha kumwona kwa macho yake akidanganya wasichana. Watoto wa Dilolo walimkimbilia wakipiga kelele, "Mwarabu! Rudisha binti!" Yeye alicheka na kuwarushia karanga. Mimi sikucheka. Hadi leo nikimwona kwenye sinema mtu wa pua ile, au wa macho ya Mchina, au mweusi kama mimi, najua kabla ya maneno kwamba hatapewa mwanamke, na kama atapewa, kiganja cha mtu kiko tayari.

Lakini Jumamosi zote ilipoonyeshwa tena Musonoi, mama alikwenda. Alitangulia kufika, akaweka kigoda chake mbele kabisa. Padri alimsifu kwenye mahubiri kama mama anayependa mafundisho. Mume wangu alimjengea jiko, akamletea samaki kutoka kila safari, akiwaacha mlangoni na kugeuza uso, na katika miaka yote hiyo hawakutazamana hata mara moja. Mwishowe nilimwuliza mama anafuata nini kwenye upuuzi ule.

Kwenye shuka uso wa mume wangu ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, anacheka kicheko cha shetani. Mama hakunigeukia.

"Ku nyumba siwezi kumuangalia," alisema. "Hapa njo ninamuonaka. Eko na meno ya muzuri, mukwe wangu."